Programu Iliyotuuliza Habari za Theluji

Mke wangu anauza vitenge Kavimvira, upande wa Kongo, hatua chache tu kutoka mpaka wa Burundi, na siku ya soko anapeleka vingine Sange. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Kwa hiyo nyumbani kwetu anayefundisha hesabu ni mmoja na anayezifanya ni mwingine. Jambo hilo halikutusumbua mpaka mtu wa kodi alipopita kwenye meza yake akamwambia kwamba mwaka huu kila mwenye biashara apeleke jumla ya mauzo yake, kwa maandishi.

Alirudi nyumbani, akatua kikapu kabla hata ya kunisalimia.

"Papa, si weye uko na ordinatere? Basi itumike."

Ordinatere yenyewe, kompyuta ndogo ya kubeba, niliinunua ikiwa imeshatumika. Virusi viliua mfumo wake wa kwanza, na mwenzangu anayefundisha fizikia akaniwekea Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuutengeneza. Nilijigamba nao mtaa mzima. Sasa nikagundua kwamba programu za hesabu walizonazo wenye maduka makubwa, zote zinakataa kufunguka kwenye Linux. Kumwambia mke wangu hivyo sikuthubutu. Nikanunua mega za intaneti, nikaanza kutafuta.

Ya kwanza niliyoipata ilikuwa programu ya kodi, ya bure, tena kwa Kifaransa, lugha ya ofisi zetu. Hicho Kifaransa ndicho kilichonidanganya. Ilianza na maswali ya kawaida: mume, mke, kazi. Halafu ikaniuliza tulitumia kiasi gani kupasha nyumba joto. Ilikuwa saa saba mchana, nimevua shati, kuku wamelala kivulini midomo wazi. Nikaandika sifuri. Ikauliza kama tulimlipa mtu wa kuondoa theluji mlangoni. Sifuri. Ikataka mkoa, na kwa kuwa Kivu ya Kusini haikuwamo kwenye orodha, nikachagua mkoa wenye jina zuri. Mwisho ikauliza idadi ya watoto. Nikaandika sita, na hapo programu ikafurahi: maandishi ya kijani yakajaa, na tarakimu ndefu chini yake.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ndiyo deni yetu hiyo?"

"Hapana. Siye ndio tunawadai."

"Tunadai nani?"

"Serikali."

"Serikali ya wapi?"

"Ya mbali kidogo."

Alifungua kitenge chake kiunoni akakifunga upya, kama anavyofanya akitaka kusafiri. "Mbali ya Bujumbura ao mbali ya Kigoma?"

Nikamweleza kwamba ni nchi ya theluji, ng'ambo ya bahari, na kwamba hawatujui.

"Kumbe kule muntu akiwa na watoto sita, analipwa?"

"Inaonekana hivyo."

"Na minye niko nao sita, tena ninalipa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo tu, maana mega zilikuwa zimekwisha.

Programu ya pili haikujua kodi ya nchi yoyote, na kwa sababu hiyo nikaipenda mara moja. Ilikuwa ya hesabu za nyumbani. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna pesa inayotoka pasipojulikana, wala inayokwenda pasipojulikana. Ilikubali faranga za Kongo, faranga za Burundi na dola, kila moja mahali pake. Ilisita kwenye mchele tu, kwa sababu wateja wa bondeni, wanakolima mpunga, wakati mwingine wanalipa kwa mchele, lakini nao nikaufungulia ukurasa wake.

Jumapili mbili baada ya misa mke wangu alikaa akinitajia, mimi nikiandika. Daftari hakuwa nalo. Alikumbuka kwa rangi. "Kile cha manjano chenye ndege, yule mama wa kule Katogota, harusi ya binti yake. Nusu alitoa dola, nusu mchele. Mchele ulikuwa na mawe." Nilikuwa wa kwanza kuchoka.

Kisha programu ikataka kujua pesa zilikokwenda. Karo, ikaandikwa. Samaki, nauli, dawa, zikaandikwa. Zikabaki pesa ambazo mimi nilizijua na yeye hakuzijua: chupa ninazokunywa na walimu wenzangu Ijumaa. Nikazifungulia sehemu, nikaiita Mengineyo.

Sikujua kwamba programu huchora. Jumapili ya pili ilitoa duara la rangi lililokatwa kama keki, na Mengineyo lilikuwa pande kubwa jekundu, limekaa kando ya karo bila aibu.

"Papa," akasema taratibu, "huyu Mengineyo ni muntu gani? Iko anakula kuliko watoto."

Nilikiri. Ningefanya nini? Hata mshahara wangu, nao umeandikwa mle, ulikuwa shahidi wa mke wangu.

Tulikwenda ofisi ya kodi na kurasa kumi na moja zilizopigwa chapa. Afisa alizifunua haraka, akafika ya mwisho, akajumlisha tarakimu tatu kwenye kikaratasi.

"Mwalimu, tunahitaji namba moja tu."

Kurasa kumi na moja! Nilikuwa naanza kuzikusanya mke wangu alipoinama mezani kwa afisa.

"Samahani, Mkubwa. Hizi ni faranga za Burundi. Weye umezihesabu sawasawa na za Kongo, kumbe bei yake iko chini. Page ya tatu iko na bei ya kila siku niliyobadilisha pesa."

Afisa akasoma ukurasa wa tatu. Akasoma tena. Akafuta, akahesabu upya, na kodi yetu ikashuka vizuri sana. Alipomaliza kupiga muhuri aliniuliza programu hiyo tumeinunua wapi. Nilivuta pumzi ili nimweleze habari za Linux toka mwanzo.

"Haiuzwi," mke wangu akajibu, akikunja risiti. "Ni ya bure. Uje kwenye meza yangu, nitakuonyesha."

Jumatatu aliondoka asubuhi kwenda sokoni na ordinatere ndani ya kikapu, imefungwa kwa kitenge. Mimi alama za wanafunzi nikazijumlisha kwa kalamu, na mpaka leo ndivyo ninavyofanya.