Jina Lililoitwa Bwawani

Siku ya kwanza Marieta alipompeleka baba mkwe wake kwenye bwawa la mji, mzee alisimama juu ya tuta akapigwa na butwaa. Watu wazima, wengine wenye vitambi na mvi, walikuwa wanakimbia kulizunguka bwawa jioni ile, jasho linawatiririka, na hakuna aliyekuwa anawafukuza.

"Wameibiwa ng'ombe?" aliuliza.

"Hapana, baba. Wanafanya mazoezi."

"Wanakimbilia wapi?"

"Wanazunguka tu. Wanarudi pale pale walipoanzia."

Mzee alitikisa kichwa mpaka shuka likamteleza begani. Kwao, kwenye mbuga za Hanang, mtu mzima akionekana anakimbia wenzake hawaulizi, wanachukua fimbo na mikuki wanamfuata. Kilichomchanganya zaidi ni msichana mmoja wa suruali ya kubana aliyepita mbio akisema, "Shikamoo babu!" Kabla mzee hajafungua kinywa, binti alishafika konani. Ikabidi "marahaba" yake auambie mgongo wa binti.

"Ananiamkia huku ananikimbia!" alilalamika. Marieta, aliyekuwa nyuma yake, alijiziba mdomo kwa khanga asionekane anacheka.

Alikuwa nyuma kwa sababu hapo ndipo mahali pake. Marieta ni Mbarbaig, amebatizwa tangu usichana, na mumewe Hilary ni Mbarbaig mwenzake aliyekuja Mbulu mjini kufungua banda la kutengeneza pikipiki. Mjini Marieta amezoea mengi. Anauza mitumba sokoni, anabishana bei na wanaume bila kupepesa macho, na simu yake haikauki muziki wa kwaya. Lakini jambo moja hajaliacha. Kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mume wake, wala neno linalokaribiana nalo. Hatamki akiwa na hasira, hatamki akisali, hatamki hata mzee akiwa mbali sana. Likimtoka, wanawake wenzake watamkalia kikao, na aibu itawafuata mume na watoto. Mwanaye alipotumwa na mwalimu kuuliza jina la babu, Marieta alimwambia amsubiri baba yake arudi kazini.

Na siku mzee alipoletwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho, nesi aliuliza jina la mgonjwa, Marieta akaangalia sakafu.

"Mama, umeleta mgonjwa usiyemjua jina?" nesi alifoka.

Ni mzee mwenyewe aliyejitaja, kwa fahari, mpaka foleni nzima ikageuka: "Gidahosh!" Marieta akatazama dirishani, utafikiri hata kulisikia ni kosa.

Jicho moja lilifungwa bandeji. La pili lilikuwa bado na ukungu, likisubiri zamu yake. Daktari akasema mzee asikae tu ndani, miguu inamvimba, atembezwe taratibu jioni. Ndiyo maana ya bwawa. Na bwawa lilimpendeza. Siku chache hazijapita, alikuwa anasimama tutani akiwahesabia wakimbiaji mizunguko kama anahesabu mifugo inaporudi zizini, na akimkosa mmoja anauliza kama anaumwa.

Sasa, mvua zilikuwa zimenyesha, na kwenye kona ya mbali ya bwawa yalikuwa yameota yale majani ya kuelea ambayo kila mtu mjini anayalaani. Yalikuwa yamefunika maji kabisa, mazito, ya kijani, yamelala sawasawa. Hapo ndipo kwenye kina kirefu. Ng'ombe wa mtu aliwahi kuzama pale, akatolewa kwa kamba akiwa ameshakufa.

Jioni moja ndala ya Marieta ilikatika mkanda. Akainama kuirekebisha. Alipoinua kichwa, mzee hakuwepo njiani. Alikuwa anateremka ubavu wa tuta, fimbo mbele, shuka linapepea, anakwenda kwa haraka ambayo miguu yake haikuwa nayo asubuhi.

"Majani mazuri namna hii," alikuwa anasema peke yake kwa furaha, "na hakuna hata ndama!"

Marieta alielewa mara moja. Mtu aliyetafuta malisho maisha yake yote, ukimwachia jicho moja lenye ukungu, kila cha kijani kwake ni malisho.

"Baba!" alipiga kelele. "Baba, simama!"

Akina baba wote tutani waligeuka, isipokuwa yule aliyeitwa. Angegeukaje? Katika mji huu kila mwanaume ni baba. "Mzee! Mzee, rudi!" Wazee wa mazoezi wakasimama, mmoja akajishika kifua akiuliza kuna nini. Kijana mwenye nyaya masikioni akapita katikati yao bila habari. Marieta alitupa ndala akakimbia, lakini aliona wazi kwamba hatafika. Mzee alikuwa ameshatoka kwenye udongo mkavu. Aligusa kijani kwa fimbo, kikabonyea.

"Ardhi imeshiba maji," alisema kwa kuridhika, akainua mguu.

"GIDAHOSH!"

Lilimtoka kwa nguvu zake zote. Likavuka maji, likagonga tuta la upande wa pili, likarudi, kiasi kwamba Marieta alilisikia mara mbili kwa sauti yake mwenyewe na hakuamini masikio yake. Mama mmoja wa Kibarbaig aliyekuwa anauza maziwa alijishika kichwa kwa mikono miwili. Mzee aliganda, mguu mmoja juu, kama kuku kwenye baridi. Tangu mama yake afariki hakuna mwanamke aliyewahi kumwita hivyo.

Akaurudisha mguu nyuma, polepole. Kisha akachomeka fimbo kwenye kijani. Ikazama mpaka mkono wake ukalowa, na chini hakukuwa na kitu. Aliitoa, akaitazama inavyochuruzika, akapanda tuta. Marieta alimfuata nyuma, mguu mmoja peku, akilia, hajui kama ashukuru Mungu au aanze kufungasha nguo.

Habari iliwatangulia nyumbani. Hilary alikuwa mlangoni, simu mkononi, uso umemshuka.

"Marieta, ni kweli? Shangazi yuko hapa kwenye simu, ameshaambiwa. Umemwita baba kwa jina? Mbele za watu?"

Marieta alifungua mdomo kukiri. Mzee akamtangulia.

"Nani anasema nimeitwa na huyu?"

"Watu wamesikia, baba. Sauti ya mwanamke."

"Hata mimi nimeisikia." Mzee alikaa, akaweka fimbo yake iliyolowa magotini. "Nilikuwa nakwenda kufa, Hilary. Nikaitwa. Na mwanamke wa kuniita jina langu ni mmoja tu, yule aliyenizaa."

Hilary aliishusha simu. "Lakini baba, bibi alishafariki..."

"Unafikiri mimi sijashtuka? Mwambie shangazi yako kwamba mama yetu ameniita. Kama anabisha, aje aniambie yeye mama yetu alikuwa na sauti gani."

Simu ikakatika. Marieta alikuwa ameduwaa mlangoni, machozi yamemkaukia. Alimtazama mzee akitafuta dalili ya utani usoni mwake, asiione. Mpaka leo hajui kama mzee alimfichia siri au aliamini kila alichosema.

Kesho yake jioni mzee alichukua fimbo yake kama kawaida, lakini alipofika mlangoni akasimama. Marieta akasubiri nyuma yake.

"Tangulia," mzee alisema.

Marieta alishtuka. "Mbele yako, baba?"

"Tangulia. Mama hatembei nyuma ya mtoto wake."