Kidonda Kilichopigwa Brashi

Mwaka wa sabini na nane, katika kiwanda cha mkonge pale Mwatate, hakuna aliyempiku Nzembi kwa nyuzi nyeupe. Kazi yake ilikuwa kuzipiga brashi mpaka uchafu wote utoke, na nyumbani alikuwa vilevile. Uchafu na Nzembi walikuwa hawasalimiani.

Mumewe, Maundu, alikuwa mkataji wa majani ya mkonge shambani. Siku moja mwiba wa mkonge ulimchoma kwenye muundi wa mguu, akaupuuza, wanaume ndivyo walivyo, na kufikia masika kidonda kilikuwa na upana wa kiganja. Hospitali ya Voi hawakumung'unya maneno: kisipoonyesha dalili ya kupona, mguu utakatwa. Haya, mkataji wa mguu mmoja atakata nini? Nzembi aliogopa sana, na hofu yake yote ikaingia mikononi. Kila asubuhi alichukua maji moto ya chumvi na fundo la nyuzi za mkonge. Akiona vijinyama vyekundu vinavyotoka damu ukivigusa tu, alivisugua mpaka pakawa peupe. Kwake yeye safi ni nyeupe, basi.

Waliporudi hospitali, Daktari Danson, Mtaita wa Wundanyi, alifungua bandeji, akainama kukitazama kidonda.

"Nani hukisafisha?"

"Ni mimi," Nzembi akajibu, na sauti ilikuwa na majivuno.

"Mama, vile vyekundu si uozo. Ni mishipa midogo ya damu inaota. Ndiyo inayolisha nyama mpya. Wewe umekuwa ukiing'oa kila asubuhi."

Akaeleza kwamba huko ng'ambo kuna watafiti wanaosaka kile kinachoifanya mishipa iote. Wakikipata, huenda wakaiita ije kwenye vidonda sugu, au waizuie isiulishe uvimbe wa saratani.

"Hiyo dawa iko Voi?"

"Haiko popote, bado wanatafuta. Wewe mwagia maji ya chumvi polepole, funga, halafu usiguse."

Usiguse! Mwambie Nzembi abebe gunia la mahindi mpaka Wundanyi, ataenda. Lakini kukaa na kidonda chekundu ndani ya nyumba yake bila kukigusa, huo ulikuwa mtihani. Alikuwa akifunga bandeji haraka, kisha anatoka nje kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Wekundu ukatanda, ukapanda, ukaanza kufunikwa na ngozi pembeni. Siku ya kurudi, daktari aliutazama mguu, akasema hautakatwa.

Walipokuwa wakingoja gari nje ya hospitali, Nzembi akauliza bila kumtazama mumewe, "Nilipokuwa nikikusugua, ulikuwa unaumia?"

"Sana."

"Mbona hukusema?"

Maundu akanyoosha ule mguu juani. "Nilikuona unaogopa," akasema. "Ukinisugua, unatulia."