Peremende Asubuhi ya Kipimo

Mpaka leo, binti akitia mkono kwenye mifuko ya magauni ya marehemu mama yake, hutoka na karatasi za peremende. Mama alikuwa fundi cherehani, na fundi wa nguo za kike hana budi kumsogelea mteja, amzungushie futi kifuani na kiunoni. Tumbo lake nalo halikuwa na adabu. Lilijaa gesi, likanguruma, likamcheulisha mbele za watu. Ndiyo maana peremende haikumtoka mdomoni.

Asubuhi alikuwa mwembamba; ikifika alasiri, tumbo limetuna. Mshona viatu wa kibaraza cha jirani hakuacha kumtania.

"Mama Fundi, hao mapacha au?"

"Mapacha. Na wewe ndiye utakayewabeba mgongoni!"

Alicheka naye, kisha akaingia ndani kulegeza nguo. Magauni yake yote aliyashona na kamba ubavuni, imefichwa ndani ya mshono.

Lakini kilichomuuma binti ni meza. Miaka nenda rudi mama aliwapakulia chakula, akarudi kwenye cherehani. "Kuleni, wanangu. Mimi nimeshaonja jikoni." Binti alipochumbiwa, alimwambia waziwazi:

"Mama, siku ya harusi yangu utakaa mezani, ule na mimi. La sivyo siolewi."

"Mwone! Na mwenzio anajua hilo?"

Hata hivyo alikubali kwenda hospitali. Daktari alieleza kwamba huenda vijidudu vimezaliana kupita kiasi katika utumbo mwembamba, vinachachusha chakula kabla mwili haujakitumia. Kipimo chake ni kulala bila kula, kunywa maji yenye sukari maalumu, kisha kupuliza kwenye mrija mara kwa mara, waone gesi inavyopanda. Jana yake mchana mama alikula wali mkavu tu, kama alivyoagizwa, bila kunung'unika; usiku hakula, akasali, akalala.

Asubuhi mpimaji alimkabidhi mrija, akasita.

"Mama, una nini mdomoni?"

"Peremende, mwanangu."

"Si uliambiwa usitie kitu?"

"Kula sijala. Lakini nikupulizie na mdomo wa asubuhi? Mimi nimelelewa, bwana."

Mpimaji alicheka mpaka akaketi, ila kipimo kikaahirishwa. Sukari ya peremende ingevilisha vijidudu, na majibu yangepotosha. Binti hakucheka. Harusi ilikuwa mlangoni. Njiani mama akamshika mkono.

"Usininunie. Nitarudi na mdomo unaonuka kama Mungu alivyoupanga."

Akarudi, akapuliza huku amefumba macho kwa aibu. Gesi ikapanda mapema, kama daktari alivyoshuku, akapewa dawa.

Hakupona kabisa. Ugonjwa ule ulikuwa wa kwenda na kurudi, akaishi nao mpaka Mungu alipomwita kwa maradhi mengine. Lakini siku ya harusi alikaa mezani. Alikula polepole, wali na kipande cha samaki, akamaliza sahani. Kisha binti akamwona anapeleka mkono ubavuni, anavuta kamba. Wakatazamana, wakaangua kicheko mbele ya wageni wote. Mama akatoa peremende mbili, akampa moja.

Gauni lile la mama lipo kabatini kwa binti. Amelifua, amelipiga pasi, lakini kamba ya ubavuni ameiacha vilevile, imelegea.