Chai ya Mteja wa Dhahabu

Yule muuza mbolea hamsalimu Molly kabla ya kumwonyesha simu. Huifuta kwenye koti, akaisukuma juu ya kaunta kwa vidole viwili, kisha akagonga neno Dhahabu kwa ukucha: ndicho cheo alichopewa na mtandao wa kuagizia vyumba, kwa kulala ugenini miaka nenda miaka rudi. "Madam, cheo changu kina chai ya kukaribishwa." Molly humeza hasira. Gesti hii ya Kericho humpa chai kila anayeingia, hata aliyekuja kuuliza tu njia ya Sigowet! Naye muuza mbolea huinywa akiwanunia wenye vikombe kama chake.

Siku ya Jumanne alifika kutoka Silibwet amelowa chapachapa, simu imeingia maji, imezima. Molly akammiminia chai ya moto. Lakini hakuigusa.

"Ngoja iwake kwanza, madam. Nisinywe kitu kisicho haki yangu."

"Kunywa, bwana! Ni chai tu!"

Chai ikashika utando pale kaunta, yeye bado anaipuliza simu.