Kanda ya Bibi Shamba

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka kichwa kinanizunguka upya. Nilikuwa kijana mwenye kamera ya video hapa Tunduma, enzi za kanda, wakati wenye kamera tulikuwa wa kuhesabika. Basi jua tu nilivyokuwa navimba.

Wakulima wa kahawa wa Iyula walimwalika Mama Haonga, bibi shamba, yaani mtaalamu wa kilimo, aliyestaafu, awafundishe kukata mibuni iliyozeeka ili ichipue tena. Wengi walishakata tamaa, wanataka kuing'oa. Wakaniomba nitengeneze kanda ya kumtangaza, ionyeshwe kwenye vibanda vya video, watu wajae. Nikaenda kumpiga picha. Mwanangu, yule mama alisema polepole, akanyamaza, akasema tena. Nikaona kwa mwendo huu nani atakuja? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi kizuri nikakitembeza.

Nikafuta sauti yake yote, nikaweka ngoma. Nikabakiza pale alipoinua mikono kuonyesha urefu wa mbuni, na pale wanakijiji walipopiga magoti wakampigia makofi, yale ya salamu tunayompa mkubwa huku kwetu. Kisha nikapachika akina mama wanaolia kwa furaha, niliowatoa kwenye kanda ya harusi. Ikapendeza! Hata leo nasema ilipendeza.

Siku ya mkutano watu walifurika. Ila nikaanza kushangaa. Mbona yule mzee kabebwa? Mbona hawa wamekuja na mikeka, na huyu kashika chupa ya mafuta? Nikadhani nimekosea uwanja. Mama Haonga aliposimama na msumeno wake, watu wakapiga magoti. Yeye akajua ni salamu, akaitikia vizuri, akaanza habari za mibuni. Watu wakatazamana. Na mimi nikawatazama wao, sielewi kitu.

Mara mwanamke mmoja akapita mbele, akamlaza mtoto wake miguuni pa Mama Haonga. Alitoka bondeni Momba, kwa wafugaji, mtoto anachemka homa.

"Nilikuona kwenye video Tunduma, mama. Mwekee mkono apone."

"Mimi ni mtu wa kahawa, binti yangu. Zahanati hukuiona njiani?"

"Nimepita zahanati mbili. Nilikuwa nakuwahi wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa: kwa ile mikono, magoti na machozi bila sauti yake, watu walimwona mwombeaji wa kuponya wagonjwa. Mama Haonga aliweka msumeno chini, akambeba yule mtoto mwenyewe mpaka zahanati. Mkutano ukafia hapo. Wenye wagonjwa waliondoka wakinung'unika, wakulima wakaondoka bila somo, na msimu ule mibuni mingi iling'olewa. Mtoto alilazwa siku nne, akapona, Mungu mkubwa.

Nilimfuata Mama Haonga kumwomba radhi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana, yule uliyewaonyesha watu ni nani? Maana leo tumemngoja wote, hakuja."

Swali hilo ninatembea nalo mpaka leo.

Sasa wewe una simu, unarekodi na kukata kabla chai haijapoa, na watu wanakuita uwatangazie wasemaji wao. Sikukatazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mimi mwenyewe niliendelea na kazi. Ila mtangaze mtu kama alivyo. Akiwa mpole, onyesha upole wake. Acha sauti yake isikike, hata kama inakuchosha. Wakija kumi waliomtaka yeye, hao ni wengi. Na kabla hujakiachia kipande chako, kionyeshe kwa mgeni asiyezijua mila zetu, umuulize ameona nini. Mimi sikuuliza.

Nenda, mwanangu, Mungu aubariki mkono wako. Akujalie kumwona mtu kabla ya kuuona umati, na asitokee mama wa kupita zahanati kwa ajili ya picha yako.