Mteja wa Kwanza Sokoni Daegu

Shida ilinianza mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Baba alichukuliwa na wanajeshi asubuhi, usiku ule tukavuka mpaka bila yeye. Darasa la tatu nililoliacha Burundi sikulirudia tena. Nimehamahama, nimeolewa, nimefiwa, na mwisho nikakaa kambini mkoani Kigoma miaka mingi, nauza dagaa. Nasema haya ili anayesoma ajue ni nani anayesema naye. Kusoma sikusoma. Lakini hakuna aliyeniuzia dagaa wenye mchanga mara mbili.

Tulipohamishiwa Amerika kutoka kambini, nilifikia Louisville. Nilipanga maboksi kwenye ghala kule Okolona mpaka mgongo ukakataa. Nikaenda Columbus kwa mdogo wangu, kiwandani, mwaka mmoja na nusu. Kisha Buffalo, kwa sababu binti yangu wa mwisho alipata chuo Amherst, pembeni ya mji huo, na mimi sikutaka alale kwa watu. Tulipanga West Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao. Nikawa nafua mashuka ya hospitali.

Chini ya nyumba ile palikuwa na chumba cha mbele kilichowahi kuwa saluni. Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole, aliniona nakitazama kila siku nikitoka kazini. Akaniambia, ukikitaka ni chako, nijibu. Nilikitaka. Nilitaka kuuza unga wa muhogo, mawese, dagaa, vitu vya kwetu.

Binti hakutaka. Wakati huo alikuwa amemaliza chuo na amekwenda Korea, mji wa Daegu, kufundisha watoto Kiingereza. Alinipigia simu akasema, "Mama, una kazi yenye bima. Unataka urudi kwenye kuuza mafungu? Hapa si kambini."

"Mafungu ndiyo yaliyokulisha," nikamwambia.

"Ndiyo maana nataka upumzike."

Akanitumia tiketi, mwaka 2016. Nilijua anachotaka. Alidhani nikiona dunia nitasahau chumba. Mwenye nyumba akasema atanisubiri mpaka nirudi, si zaidi.

Nilifika Daegu Alhamisi. Ijumaa sikulala vizuri, mwili haukujua saa. Kumekucha tu nikamwamsha binti nikamwambia nipeleke sokoni. Akacheka. "Watalii wanaanza na mahekalu, Mama." Nikamwambia hekalu halikimbii.

Soko lile lilinishangaza kwa jinsi nilivyolijua. Vikongwe wamekaa chini, wameweka kadibodi wakaikalia, miavuli juu, mboga mbele yao katika vibakuli vya plastiki. Mafungu. Mtu ana mafungu manne ya majani na hana kingine, na amekaa kama mwenye benki. Wengine walikuwa bado wanafunua maturubai. Nilitembea taratibu. Nilikuwa nimeambiwa nchi zilizoendelea hakuna mambo hayo.

Kwenye pembe moja nikawaona dagaa. Si wetu wa Ziwa Tanganyika, hao ni wa bahari, lakini ni ndugu. Wamepangwa kwa ukubwa, magunia sita. Muuzaji ni bibi wa rika langu au zaidi, nywele fupi zilizokunjwa kwa dawa, kofia yenye ukingo mrefu. Nikachuchumaa. Nikavunja mmoja, nikanusa, nikaonja. Dagaa safi. Akaninyooshea vidole kuonyesha bei. Nikamwonyesha nusu ya vidole hivyo. Akatikisa kichwa. Nikainuka nikaondoka.

Anayejua soko anajua nilichofanya. Kuondoka ni sehemu ya mazungumzo. Unakwenda hatua saba, nane, taratibu, ukisubiri kuitwa: haya, njoo, wewe mama mgumu. Nilikwenda hatua kumi. Hakuna aliyeniita. Nikageuka, nikamwona yule bibi anachota chumvi kwenye kopo na kuirusha pale pale nilipokuwa nimechuchumaa.

"Nini hicho?" nikamuuliza binti.

Anajua Kikorea cha kutosha. Akamuuliza mama wa meza ya pili, akarudi uso umebadilika. "Anafukuza nuksi. Wewe ulikuwa mteja wake wa kwanza leo. Umeshika, umeonja, umeondoka bila kununua. Umemfungia siku. Twende tu, Mama."

Sikuondoka. Kambini mimi mwenyewe nilikuwa namshika mkono mteja wa kwanza nisimwachie. Nilikuwa tayari kumpa kwa hasara, ilimradi afungue biashara. Na niliwahi kumtukana mwanamke aliyenifanyia hivi hivi. Sikukosea kwa ujinga. Nilikosea kwa ujuzi, na hilo linauma zaidi.

"Rudi ukanunue basi," binti akasema.

"Mkono wangu umeshaharibika kwake. Anatakiwa mtu mwingine afungue."

Nikarudi, nikasimama pembeni ya magunia, nikaanza kunadi. Kwa Kiswahili, sauti ya sokoni. "Dagaa, dagaa wakavu, hawana mchanga, onja ndiyo ununue! Baba mwenye koti, unapita unakwenda wapi, nyumbani wamekula nini?"

Binti akafunika uso. "Mama, nakuomba."

Mwenye koti akasimama. Nadhani hakuwahi kuona mwanamke mweusi wa kitenge akimpigia kelele alfajiri. Nikamwekea dagaa mmoja kiganjani. Akala. Akanunua mfuko mzima, na nyuma yake wakaja wanawake wawili waliokuja kutazama kichekesho. Nao wakanunua. Yule bibi alikuwa anapima, anacheka huku ameziba mdomo. Walipokwisha akaniburutia kiti kidogo cha plastiki, akanipa kahawa ya kikombe cha karatasi.

Hapo ndipo nami nikanunua, kwa bei yake yote. Akapima, kisha akaongeza konzi moja juu ya mizani. Nyongeza. Sikumwomba.

Tulikaa pale karibu saa nzima, yeye na mimi, hatuelewani neno. Binti alisimama mbele yetu. Baada ya muda akaacha kujificha, akachuchumaa akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake akiwa na jambo zito, kwamba sauti ile hakuwa ameisikia tangu akiwa mdogo. Alidhani niliiacha njiani.

"Kule kwenye mashuka namnadia nani?" nikamjibu kwa Kiswahili.

Kisha akauliza, "Kile chumba kina sinki?"

"Kina mbili. Kilikuwa saluni."

"Mpigie basi yule mzee. Huko bado ni jioni, hajalala."

Akanipa simu yake. Nilimjibu mwenye nyumba nikiwa nimekaa kwenye kiti kile.

Leo nina duka moja West Side. Nina friza tatu, moja inavuja. Nina mizani mbili, rafu za chuma, gari moja la kubebea mizigo. Nina nyumba yenyewe, juu na chini, mzee aliniuzia alipohamia kwa watoto wake. Na nina sehemu ya kuzikwa, nimeshailipia, ili watoto wasibishane.