Jumapili ambayo mgeni mwenye waya alitumalizia betri

Vijana, nasikia hapa mnaitana wakuu. Mimi mkuu wangu alikuwa mama yangu, basi, lakini nawasalimu wote. Sikusoma sana, nilifika darasa la tatu tu, kwa hivyo mtu asinisahihishe maandishi. Soma habari.

Ninayosema niliyaona kwa macho yangu. Sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzo mwanzo. Mimi nikiwa msichana wa miaka kama kumi na moja. Tulikaa kwa shamba la mzungu upande wa Molo, juu kule ambako ukungu unaingia mpaka jikoni. Baba alikuwa nyapara wa wakamuaji. Mama alichuma pareto.

Ndugu yangu mkubwa, Kiprotich, alikuwa ameandikwa askari na kupelekwa nchi ya Malaya. Mkiniuliza Malaya ni wapi, hata sisi hatukujua. Tulijua tu ni mbali na kuna vita na msitu.

Miezi saba hakukuwa na barua.

Watu walianza kumwangalia mama vibaya. Sio kwa chuki. Kwa huruma. Akifika mtoni wanawake wananyamaza. Mama aliacha kucheka kabisa. Hata ng'ombe akimpiga teke baba, hacheki, na zamani hilo lilikuwa linamfurahisha sana.

Baba naye akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alichukua ng'ombe mtamba wa rangi ya majivu, mzuri kuliko wote, akaenda naye Molo. Akarudi na radio.

Ilikuwa ya mviringo, ya bluu, kama sufuria iliyolazwa ubavu. Betri yake ilikuwa nje, kubwa kama tofali, inaunganishwa kwa waya. Nyinyi mnachaji kwa ukuta. Ile ikiisha imeisha, unaenda kutafuta nyingine dukani.

Basi karani wa shamba akaja na habari. Jumapili, saa kumi na moja jioni, askari walioko Malaya watasikika kwa radio wakisalimu watu wao.

Mama aliuliza neno moja tu. "Wote?"

Karani akasema, "Mama, hilo sijui."

Na betri ilikuwa imetumika wiki nyingi. Sauti ilikuwa imeanza kwenda chini. Duka la Molo lilikuwa limeishiwa, wakasema tungoje wiki mbili.

Sasa hapa lazima niwaeleze desturi ya boma letu, la sivyo hamtaelewa.

Kwetu mgeni akianza kusema, hakatizwi. Hata akiongea upuuzi. Hutoki, humpi mgongo, unangoja amalize. Baba alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko kwa wizi. Na radio aliiweka juu ya kigoda cha wageni.

Mmeanza kuona shida iko wapi?

Asubuhi ya Jumapili ile baba aliiwasha kidogo, ajue tu kama inashika. Akatokea bwana wa habari. "Hamjambo nyote." Tukajibu wote, "Hatujambo!" Nyumba ilikuwa imejaa, watu wa laini nzima ya nyumba za wafanyakazi walikuja, wengine wamekaa kwa mlango.

Habari ikaisha. Mama akasema, "Zima."

Kabla baba hajanyoosha mkono, mhubiri akaanza.

"Nimzime mtu wa Mungu?" baba akauliza.

Mhubiri akamaliza. Akaingia daktari, wa kuosha watoto na kuchemsha maji. Wanawake wakasogea mbele. Mama mwenyewe akasikiliza, nilimwona, lakini jicho lake liko kwa betri.

"Baba Kiprotich, zima."

"Anaongea juu ya watoto. Akimaliza."

Alipomaliza daktari, akaja bwana wa kilimo na habari ya kupe. Hapo baba ndio alipotea kabisa. Alikuwa akimjibu! "Hapana, dawa hiyo ukizidisha maji haiui kitu." Yule anaendelea. Baba anangoja, kisha anamjibu tena. Wafula, mkamuaji mwenzake, mtu wa mizaha sana, akasema, "Nyapara, mgeni amekauka koo na hujampa maziwa." Watu walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka akalia.

Kusema kweli, ilikuwa siku tamu. Sitadanganya eti nilikuwa na huzuni. Nilikuwa sijawahi kusikia watu wengi hivyo kwa siku moja, na hakuna aliyekuja kwa miguu.

Kulikuwa na wazee wawili kwa radio wakibishana kama msichana asome au asisome. Nyumba yetu ikagawanyika katikati, wanaume huku, wanawake huku. Mimi nilikuwa nashangilia yule wa kusoma, nikakanyagwa mguu na shangazi.

Kulikuwa na mchezo wa mtu mwenye wake wawili, kila mmoja amemficha mwenzake ufunguo. Tena kukawa na somo la Kiingereza. Mwalimu anasema, watu arobaini wanarudia pamoja, na hakuna aliyejua anasema nini. Wafula alijifunza neno moja, "table". Akaita kila kitu table mpaka alipozeeka. Hata mbwa wake.

Lakini sauti ilikuwa inakufa. Mchana tulisikia tukiwa nje. Saa tisa ilibidi uwe ndani. Saa kumi kasoro, wakati wa somo lile, watu wa nyuma walikuwa wanauliza wa mbele, "Amesema nini? Amesema nini?"

Mama akasimama.

Sijawahi kumwona mama yangu akipita mbele ya wanaume waliokaa. Siku hiyo alipita. Mwalimu wa Kiingereza yuko katikati ya neno, mama akashika waya, akaung'oa.

 

Baba akasema polepole, "Umemfukuza mgeni kwa nyumba yangu."

Mama akasema, "Nimemfukuza. Mgeni wangu anakuja saa kumi na moja, na nyinyi mmekula chakula chake tangu asubuhi."

 Baba akasogea kando kumpisha.

Jua halikuwako, ukungu tupu, hatungeweza kuianika betri ipate nguvu kidogo. Kwa hivyo mama akaifunga betri ndani ya shuka lake na kuiweka karibu na moto, kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku. Akaniambia, "Chebet, uigeuze kila mara. Ukiiunguza, usinitafute." Nikageuza. 

Karani alikuwa na saa ya mkono. Alipoinua kidole, mama akarudisha waya.

Mwanzo, hakuna kitu. Halafu sauti nyembamba kama ya mbu. Wanawake waliwapa watoto titi ili wanyamaze. Wafula alimtoa mbwa nje. 

Wakapita askari watano, sita. Majina ya watu wengine, vijiji vya watu wengine. Mama alikuwa amepiga magoti, sikio limegusa bati la radio. Kila mmoja akimaliza, anatikisa kichwa.

Halafu nikaona mkono wake umeshika ardhi.

"Ni yeye."

Tukasikia wote. Ile sauti yake ya mafua. "Mimi ni Kiprotich, kutoka Molo. Baba, mama, mimi ni mzima. Sijaumia. Chebet aache kulia ovyo." Nami nilikuwa nalia kweli. Akaendelea. "Baba, nakuomba kitu kimoja. Yule mtamba wangu wa majivu, mtunze vizuri. Nikirudi, ndiye nitaanzia mahari."

Betri ikakata hapo hapo.

Watu wote wakageuka kumwangalia baba. Baba anaangalia radio. Kwa vile hajawahi kuacha mgeni bila jibu, akainama, akasema ndani ya ile sufuria, "Mtamba yuko hapa, Kiprotich. Wewe unaongea ndani yake."

Mama akacheka. Vijana, alicheka mpaka akakaa chini, mpaka kitambaa kikaanguka, anampiga baba kwa kofi mgongoni na kucheka tena. Miezi saba ilitoka siku hiyo. Wanawake wakapiga vigelegele, na maziwa yaliyokuwa ya wiki nzima yakanywewa jioni moja.

Kiprotich alirudi mwaka uliofuata. Kabla ya kusalimu mtu aliuliza mtamba. Baba alimwonyesha radio akaondoka haraka kwenda kukamua.

Mimi nilichojifunza ni hiki. Kusikiliza watu ni adabu, na baba hakukosea. Lakini jua ni sauti gani unaingoja, na uiwekee nafasi. Wengine wote wataongea hata kesho.

Kama kuna mzee wenu aliyekaa na radio ya bluu ile, mwulizeni halafu muandike hapa chini. Nitasoma. Matusi nitaruka.

Na kwa nini nimekumbuka haya leo? Mjukuu wangu yuko kazini Doha, ameniachia watoto wake watatu. Hupiga simu Jumapili saa kumi na moja. Jumapili iliyopita stima, yaani umeme, ilipotea, na alipopiga, simu zote nne hapa nyumbani zilikuwa zimekufa, pamoja na yangu. Watoto walikuwa kwa video za watu wasiowajua, tangu asubuhi.

Nimeleta sufuria kubwa ya kupikia ugali mezani. Nimewaambia: Jumapili ikifika saa sita, zimeni simu zote, mzitie humu, mfunike. Saa kumi na moja mama yenu anaongea, na hapa kila mtu atamsikia mpaka amalize.